Nyimbo za Hatsune Miku na wenzake: anza na Luka, usianze na zile za kasi

Wengi wanaoonja nyimbo za Vocaloid, programu ya kompyuta inayoimba kwa sauti za waimbaji wa kubuni kama Miku na Luka, kwa mara ya kwanza huzikimbia hata dakika mbili hazijaisha. Sababu huwa ileile: wamepewa wimbo wenye kasi ya kupindukia, wakausikiliza kwa spika ya simu. Spika ndogo haitoi besi wala mdundo wa chini, kwa hiyo kinachobaki ni sauti nyembamba ya Miku ikigombana na gitaa na kinanda, na sikio linachoka. Tafuta hedifoni, hata za bei nafuu, kisha fuata mpangilio huu.

Wa kwanza uwe "Just Be Friends" wa Dixie Flatline, wa mwaka 2009. Anayeimba ni Megurine Luka, aliyetengenezwa kutokana na sauti ya mwigizaji Yu Asakawa. Sauti yake ni nzito kuliko ya Miku, mdundo ni wa kucheza bila kukimbizana, na maneno ni ya wapendanao wanaoachana. Usikilize mara tatu kabla hujaenda kwingine. Mara ya kwanza sikio litashughulika na ugeni wa sauti tu. Ukifika mara ya tatu utaanza kusikia wimbo wenyewe.

Ugeni huo una chanzo chake. Katika programu ya Vocaloid, ambayo Yamaha iliitangaza mwaka 2003, mtunzi huandika noti, huipa kila noti silabi yake, na programu huunganisha vipande vya sauti ya mtu vilivyorekodiwa zamani. Noti ikiwa fupi mno, konsonanti huimeza vokali na neno linakatika. Ndiyo maana watunzi hutumia saa nyingi kurekebisha pumzi, mtetemo na urefu wa kila silabi. Wajapani huita kazi hiyo kwa neno lenye maana ya kufunza mnyama. Kwetu neno linalofaa zaidi ni kufunda. Sauti ni moja, iko katika programu ileile inayouzwa dukani, lakini Miku aliyefundwa na mtu huyu hafanani na Miku wa yule.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati. Vokali za Kijapani ni tano kama zetu, silabi nyingi huishia na vokali, na hata "n" yao husimama peke yake kama silabi, kama "m" ya mtu. Kiitikio unaweza kukiimba siku hiyohiyo. Chunga urefu wa vokali tu: "obasan" ni shangazi, "obaasan" ni bibi.

Baada ya Luka, mwendee Miku mwenyewe. Kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilimtoa tarehe 31 Agosti 2007, kwa sauti ya Saki Fujita, na nyimbo nyingi za mwanzo zilimzungumzia yeye kama programu. "Melt" wa ryo, Desemba mwaka huohuo, ulikwenda kwingine: ni wimbo wa msichana aliyependa, aliyekata nywele za mbele, akajikuta chini ya mwavuli mmoja na mvulana anayemtaka. Baada ya hapo sikiliza "Tell Your World" wa kz, uliotumika kwenye tangazo la Google Chrome nchini Japani mwaka 2011. Katika wimbo huo sauti ya mashine haifichwi hata kidogo, na ndipo uzuri wake ulipo. Nyimbo zinazomlazimisha Miku aige binadamu huzeeka haraka. Zile zinazomwacha awe Miku hudumu.

Sasa sikio liko tayari kwa roki. wowaka, aliyefariki Aprili 2019, aliandika "Rolling Girl" mwaka 2010: kinanda kinakimbia, gitaa linakata, na Miku anaimba bila nafasi ya kuvuta pumzi, kwa sababu haihitaji. Maneno yake ni mazito, ya mtu anayejaribu na kushindwa tena na tena. Kama siku yako si nzuri, uache kwanza. Mwaka huohuo Hachi alitoa "Matryoshka", akiwaimbisha Miku na GUMI, sauti nyingine ya Vocaloid, pamoja. Hachi huyo ndiye Kenshi Yonezu, ambaye leo huimba kwa sauti yake mwenyewe, na ukisikiliza kazi zake mpya utausikia mkono uleule katika midundo iliyopindapinda.

Kwa wapenda hadithi, kuna kazi za mothy za mwaka 2008, zilizoimbwa na Kagamine Rin na Len, nao ni sauti za Vocaloid. Fuata mpangilio huu bila kuugeuza: "Aku no Musume" wa Rin kwanza, kisha "Aku no Meshitsukai" wa Len. Wa kwanza unamweka binti mtawala katili na mwisho wake. Wa pili unasimulia mambo yaleyale kwa kinywa cha mtumishi wake, ambaye ni pacha wake. Ukianza na wa pili umejiharibia siri yote.

Ukitaka vya karibuni, mtafute Kasane Teto. Alianza kama mzaha wa tarehe 1 Aprili 2008, akapewa sauti katika programu ya bure iitwayo UTAU, na mwaka 2023 akaingia Synthesizer V, programu nyingine ya kuimba inayotumia akili bandia na kutoa pumzi za kawaida zaidi. "Override" wa Yoshida Yasei ni wa mwaka huo. "Mesmerizer" wa Satsuki, wa 2024, unamkutanisha na Miku.

Unapotafuta, andika majina kwa Kijapani, kwa mfano 初音ミク au 巡音ルカ, pamoja na jina la wimbo. Ukiandika kwa herufi zetu utaletewa matoleo ya watu wengine kwa wingi. Video yenye maneno 歌ってみた imeimbwa na binadamu. Kwenye Niconico, tovuti ya video ya Kijapani, alama ya 殿堂入り hupewa video iliyotazamwa mara 100,000, na 伝説入り ni mara 1,000,000. Ni kichujio kizuri, ingawa nyimbo bora kadhaa hazijafika huko. Herufi P mwishoni mwa jina humaanisha mtayarishaji. Ukipenda wimbo mmoja, mfuate mtunzi kabla ya kumfuata mwimbaji.

"Hatsune Miku no Shōshitsu" wa cosMo@BousouP uuweke mwisho kabisa. Crypton ilipendekeza Miku aimbe kati ya mapigo 70 na 150 kwa dakika. Wimbo huu una 240, na unazungumzia programu inayofutika huku ikijitahidi kusema yote kabla haijaisha. Kasi hiyo ndiyo maana ya wimbo, lakini mara ya kwanza haifuatiki. Fungua maneno yake pembeni, punguza mwendo wa video hadi 0.75 ili mapigo yawe 180, na usishuke hadi 0.5 kwa kuwa sauti itavutika na kukwaruza. Ukishaweza kufuata mstari kwa mstari, rudisha mwendo wa kawaida, zima maneno, na usikilize hadi pale sauti inapokatika.