Matumbawe ya Timboni: Bahari ya Kale na Bahari Ijayo

SWALI: Mhariri, mimi ni mchonga mawe ya kujengea katika timbo moja nje ya mji wa Kilifi. Mara nyingi tunakuta matumbawe mazima na chaza ndani ya mwamba, mahali palipo juu ya maji kwa mita kadhaa hata wakati wa bamvua. Mzee mmoja hapa anasema kwamba bahari iliwahi kufika huku, kisha ikarudi yenyewe. Ikiwa ndivyo, mbona tunatishwa kwamba bahari inapanda? Si itarudi tena? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Kuhusu bahari kufika huko, mzee hakukosea. Tumbawe linapokutwa limesimama kama lilivyokua, halikuvunjwa wala kupinduliwa na mawimbi, hapana shaka kwamba mahali hapo palikuwa chini ya maji. Mwamba mwingi wa ufuo wa Kenya, pamoja na ule ambao juu yake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, umetokana na matumbawe ya kale. Umri wake si mmoja, lakini matabaka yanayozungumzwa zaidi ni ya kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, kabla ya enzi ya mwisho ya barafu.

Umri huo hupatikana ndani ya tumbawe lenyewe. Likiwa hai hufyonza urani kidogo kutoka katika maji ya bahari, lakini hupata thoriamu kwa uchache mno, kwa kuwa madini hayo hayayeyuki vizuri majini. Kadiri miaka inavyopita, urani hugeuka kuwa thoriamu kwa mwendo unaojulikana, na uwiano wa madini hayo mawili ndio unaosomwa kuwa umri. Kazi hii ina mtego wake: maji ya mvua yakipenya kwa muda mrefu, chokaa ya awali ya tumbawe hubadilika kuwa chokaa ya aina nyingine, na hesabu huharibika. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kulikataa tumbawe ambalo kwa macho yako ni zuri kuliko yote timboni.

Hata hivyo, kimo cha tumbawe peke yake hakitoshi, kwa sababu ardhi nayo hupanda na kushuka. Matumbawe ya Barbados, kwa mfano, yameinuliwa pamoja na kisiwa chenyewe. Kwa hiyo watafiti hupenda mahali palipotulia na palipo mbali na barafu kuu, na katika bahari yetu mahali hapo ni Shelisheli. Katika kisiwa cha La Digue matumbawe ya kipindi hicho bado yameshikamana na majabali ya matale, na utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliyatumia kukadiria kwamba bahari ilisimama takriban mita 7.6 juu ya usawa wa leo. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, linataja kati ya mita 5 na 10.

Linalotia wasiwasi ni kwamba joto la dunia wakati huo lilizidi lile la kabla ya viwanda kwa kati ya nyuzi 0.5 na 1.5 tu, na sisi tumekwisha kuingia humo. Isitoshe, barafu ya Greenland ikiyeyuka yote huongeza mita 7 na kitu, ilhali barafu iliyochimbuliwa huko ina matabaka ya kipindi hichohicho, maana yake haikuisha. Basi sehemu ya maji ilitoka Antaktika, ambako wengi walizoea kudhani kwamba barafu haitikisiki.

Je, itarudi? Ile ya kale ilirudi kwa sababu mzunguko wa dunia kulizunguka jua ulibadilika polepole, joto likapungua, na barafu ikajijenga upya kwa maelfu ya miaka. Hewa ukaa wakati huo ilikuwa takriban sehemu 280 kwa milioni. Leo imepita 420, na tumeiongeza wenyewe. Sioni kinachoweza kuirudisha bahari katika umri wa wajukuu wetu.

SWALI: Nimesoma kwamba Unguja iliwahi kuungana na bara. Bahari ilipanda kwa kasi gani, na ya leo ikoje? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Ni kweli kwa Unguja, si kwa Pemba, ambayo mkondo wake ni wa kina kirefu. Miaka 21,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya usawa wa sasa kwa zaidi ya mita 120, na katika pango la Kuumbi, Unguja, imechimbuliwa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiokuwepo kisiwani leo.

Kupanda kwake hakukuwa kwa mwendo mmoja. Takriban miaka 14,500 iliyopita bahari ilipanda zaidi ya mita 10 katika muda usiozidi karne tano hivi, yaani milimita 20 au zaidi kila mwaka. Kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, nayo inaongezeka. Barafu iliyofunika Kanada, ambayo kuyeyuka kwake kulichangia mwendo huo, haipo tena, kwa hiyo tusiuchukue mwendo ule kama utabiri. Unatuonyesha tu kwamba barafu kubwa ikianza kuporomoka haingojei. Kufikia 2100 makadirio ni kati ya sentimita 28 na mita 1, kutegemea gesi tutakazotoa. Kwa miaka 2,000 ijayo, ongezeko la joto likiishia nyuzi 2, bahari itapanda kati ya mita 2 na 6.

Kwetu ongezeko hilo huja juu ya bamvua, ambalo tayari hupandisha na kushusha maji kwa takriban mita 4. Anayejenga karibu na ufuo apime msingi wake kuanzia alama ya bamvua kubwa la mwezi wa Machi au Septemba, aongeze angalau mita 1 juu yake, na kisima chake akichimbe mbali na ufuo, kwani chumvi huingia kisimani kabla maji hayajafika mlangoni.