Filamu haitoshi, soma na kitabu
Kwa aliyeuliza kama filamu ya Pride and Prejudice ya 2005 inatosha bila kusoma riwaya ya Jane Austen (1813): haitoshi, ingawa ni nzuri. Filamuni Darcy, bwana tajiri mwenye majivuno, anamposa Elizabeth, mhusika mkuu, mara ya kwanza huko nje, mvua ikimwagika. Kitabuni wako ndani, na ukali wote umo kwenye maneno. Kinachopotea hasa ni ile barua ambayo Darcy anamwandikia Elizabeth baada ya kukataliwa. Riwaya inampa Elizabeth muda wa kuisoma, kuirudia, kubishana nayo, mpaka anaona aibu kwa alivyomhukumu Darcy. Filamu inaipitia mbiombio. Na kejeli ya msimulizi, kamera itaikamatia wapi? Keira Knightley, aliyeigiza Elizabeth, kacheza vizuri, hilo simnyimi. Ukiwa na nafasi, tamthilia ya BBC ya 1995, sehemu 6, inakikaribia kitabu zaidi.