Besi ya Chumbani na Besi ya Ukumbini: Majibu kwa Wasomaji

*Shikamoo mzee. Nimepiga gitaa la ridhimu kwa miaka sita katika bendi inayopiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kwenye hoteli moja hapa Tanga. Mwezi uliopita mpiga besi wetu alihamia bendi nyingine, nami nikaombwa nishike nafasi yake. Tuna nyimbo zaidi ya 50, kuanzia zilipendwa hadi rege na soul ya Kimarekani. Kiongozi wa bendi analalamika kwamba napiga noti nyingi mno, ilhali mimi naona ninaziba mapengo. Je, ni lazima nipige besi kama ilivyo kwenye rekodi bila kubadilisha chochote? Msomaji, Tanga.*

Marahaba, mwanangu. Kiongozi wako yuko sahihi, na kosa lako ni la karibu kila mtu anayetoka kwenye ridhimu kuja kwenye besi. Mkono wako wa kulia umezoea kutembea bila kusimama, kwa hiyo ukimya unauona kama uvivu. Kwenye besi, ukimya ni sehemu ya wimbo. Chukua rekodi zozote za Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, usikilize besi ya Tom Malanga peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utamsikia akisema sentensi yake, akanyamaza, na katika ukimya huo ndipo gitaa la ridhimu la Omar Shabani linapopata nafasi ya kung'ara. Ukiziba pengo hilo kwa noti zako, hata ziwe tamu namna gani, mteja aliyekuja kucheza atahisi kwamba wimbo umekuwa mzito bila kujua kilichouharibu.

Kuhusu kufuata rekodi, mimi hugawa nyimbo katika mafungu mawili. Kuna nyimbo ambazo besi yake ndiyo wimbo wenyewe, ambapo mtu aliyekaa mezani akisikia mapigo manne ya mwanzo ya besi huweka glasi chini na kuinuka kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nyimbo nyingi za rumba na za rege zimo katika fungu hili, na hizo zipige kama zilivyo, usiongeze wala usipunguze, kwa sababu mteja wa bendi ya kopi amelipia kukumbuka. Fungu la pili ni la nyimbo ambazo besi hufuata tu mwendo wa wimbo, na huko una ruhusa ya kurahisisha, hasa pale bendi yenu inapokuwa na watu watano na rekodi ilikuwa na kumi na wawili.

Katika rege kuna jambo linalowasumbua wengi. Katika mtindo ambao Wajamaika huuita one drop, dramu kubwa ya mguu haipigwi kwenye pigo la kwanza bali huangukia pigo la tatu kati ya manne ya kila duru, kwa hiyo mpiga besi aliyezoea kukanyaga pigo la kwanza katika kila duru hujikuta amebaki peke yake pale penye uwazi. Aston Barrett, aliyepiga besi katika bendi ya Bob Marley, mara nyingi aliliacha pigo hilo la kwanza wazi kwa makusudi. Mwombe mpiga dramu wenu mkutane nusu saa kabla ya wenzenu kufika mazoezini, mpige ninyi wawili tu, bila gitaa wala mwimbaji. Nusu saa hiyo itakufundisha kuliko barua yangu hii.

Jambo la mwisho kwako ni la simu. Vijana wengi hujifunza nyimbo kwa kusikiliza spika ya simu, kisha wanashangaa kwa nini ukumbini besi yao haikai. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito kiasi hicho. Unachosikia ni sauti za juu zinazoandamana na ile noti, nawe unaikamata noti oktavu moja juu ya mahali pake, yaani noti ileile lakini kwa sauti nyembamba zaidi. Tumia vipokea sauti vya masikioni vinavyofunika sikio lote, au nenda kwa jirani mwenye redio ya spika kubwa.

*Ndugu mwandishi, nimejikusanyia fedha za kununua gitaa langu la kwanza la besi. Dukani kuna jipya la nyuzi tano la bei nafuu, na fundi mmoja ana la nyuzi nne lililotumika, lililoletwa kutoka Japani. Bei zao zinalingana. Bendi yetu hupiga nyimbo za watu wengine kwenye harusi, na mwimbaji wetu hupenda kushusha kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo. Ninunue lipi? Msomaji, Mwanza.*

Ndugu yangu, uzi wa tano unavutia, nami naelewa kwa nini unaufikiria, maana mwimbaji akisema mshuke hadi noti ya D, mpiga besi wa nyuzi nne hana D ya chini isipokuwa alegeze uzi wake. Lakini ule uzi wa tano, ambao ni B, hutikisika mara 31 tu kwa sekunde, na gitaa la bei nafuu mara nyingi haliwezi kuubeba: unalegea, unagonga freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), na noti zake zinatoka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Kwa fedha ileile, gitaa la nyuzi nne lililotengenezwa vizuri litakuhudumia kwa miaka mingi zaidi. Mwimbaji akishuka, piga noti hiyo oktavu juu. Kwenye harusi hakuna atakayelalamika.

Ila usilinunue kabla hujalikagua. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, kisha tazama pengo lililopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Pengo linalotosha kupitisha kadi ya vocha ya kukwangua ni sawa. Likiwa pana kuliko sarafu, shingo imepinda kwa mvuto wa nyuzi, na hapo mwombe fundi akaze chuma kilichopita ndani ya shingo. Akikwambia kwamba chuma hicho kimefika mwisho na hakizunguki tena, mshukuru uondoke. Kisha piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, bila haraka na bila kumwonea haya mwenye mali. Vitufe vya sauti vikikwaruza unapovizungusha, hilo ni vumbi tu, husafishwa kwa gharama ndogo, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Utakutana pia na maumbo mawili ambayo karibu kila kiwanda duniani kinayaiga. Moja ni la Precision Bass, ambalo Fender ya Marekani ililitoa mwaka 1951, na tangu 1957 lina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili (nasema pikapu ya gitaa, sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, si ile ya kubebea mchanga). Lingine ni la Jazz Bass la mwaka 1960, lenye pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi kule juu. Chumbani, la pili hupendeza kwa sababu lina sauti nyingi za kuchagua. Ukumbini, pamoja na dramu, kinanda na magitaa mawili, la kwanza hupenya bila wewe kugusa kitufe chochote, na kwa bendi ya kopi yenye gitaa moja tu la besi ndilo ningelianza nalo.

Baki na fedha ya nyuzi. Seti ya kawaida yenye unene wa 45 hadi 105 (sehemu za elfu za inchi) itakufaa. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi za soul kule Detroit, Marekani, alitumia nyuzi zenye uso laini ambazo hakuwa na mazoea ya kuzibadilisha, na alizichapa kwa kidole kimoja cha shahada. Kama mnapiga zilipendwa na soul kwa wingi, nyuzi laini za namna hiyo zitakupa ile sauti nene ya zamani. Ukitumia zile za uso wenye mikwaruzo na zikaanza kufifia kwa jasho, zivue, zichemshe kwa dakika kumi kwenye sufuria ambayo haitarudi kupika wali, uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Utapata wiki moja au mbili za uhai mpya.

*Assalamu alaykum. Nina ampilifaya ya wati 100 yenye spika yake ndani. Nyumbani inatikisa madirisha, lakini tukipiga kwenye ukumbi wa wazi hapa Mombasa besi inamezwa. Nimeambiwa ninunue ya wati 200. Je, itatosha? Nimeona pia moja nzuri ya mtumba kutoka Japani. Msomaji, Mombasa.*

Waalaykum salaam, kaka. Kutoka wati 100 hadi 200 utaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua lakini hakimshangazi mtu. Ili besi isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi hivi, na sauti nzito ndizo zinazokula nguvu kuliko zote. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu wati, hesabu spika. Ampilifaya nyingi hutoa nguvu zake zote zinapokutana na spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba ndizo huleta omu 4 hizo. Mtu mwenye kichwa (ampilifaya isiyo na spika ndani) cha wati 300 na makabati mawili ya spika mara nyingi atamshinda mwenye wati 500 na kabati moja, kwa kuwa spika nyingi zinasukuma hewa nyingi. Waya wa kuunganisha kabati uwe ule mnene wa spika. Waya wa gitaa ni mwembamba kwa kazi hiyo na hupata moto.

Hata hivyo, kama ukumbi una mitambo mikubwa na fundi anayejua kazi, huna haja ya kununua mzigo wa kukuvunja mgongo. Toa sauti kutoka nyuma ya ampilifaya yako, kama ina tundu la kwenda kwenye miksa, au tumia kisanduku cha DI, kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye miksa, halafu hizo wati 100 ziwe za kukusikilizisha wewe na mpiga dramu jukwaani. Punguza zile sauti nzito kabisa na uongeze kidogo zile za kati. Ukiwa peke yako utaiona besi imekuwa mbaya, imekauka, ina pua; nenda ukasimame kwenye meza ya mwisho wakati wenzako wanapiga, utaisikia kila noti.

Ile ya mtumba kutoka Japani, geuza nyuma usome kibandiko. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Kenya ni 240. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu miaka mingi iliyopita niliichomeka ampilifaya ya namna hiyo kwenye ukuta wa ukumbi wa harusi dakika tano kabla ya bwana harusi kuingia. Ilitoa mlio mmoja, kisha harufu ya plastiki iliyoungua, kisha moshi mwembamba uliopanda polepole mbele ya kamati yote, nasi tukapiga saa nne zilizofuata kwa besi iliyopitishwa kwenye spika ya mwimbaji. Ukiipenda sana, nunua na transfoma ya kushusha umeme yenye wati kuzidi zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, na uiandike bei yake ndani ya bei ya ampilifaya tangu mwanzo.

*Mimi ni mwanamke, mpiga besi katika bendi ya wanawake hapa Dodoma. Mikono yangu ni midogo na kiganja kinauma tukifika seti ya pili. Nitafute gitaa fupi? Msomaji, Dodoma.*

Dada yangu, magitaa mafupi yapo, yenye uzi wa inchi 30 badala ya 34 zilizozoeleka, na hayana aibu yoyote: Paul McCartney alipiga gitaa fupi la Höfner kwa miaka mingi akiwa na Beatles. Kwetu ni adimu kidogo madukani, kwa hiyo jaribu kwanza jambo lisilo na gharama. Katika freti tano za mwanzo usilazimishe vidole vinne kukaa kwenye freti nne. Tumia cha shahada, cha kati na kidogo katika upana wa freti tatu, kile cha pete kikisaidia kidogo kubonyeza, kama wanavyofanya wapigaji wa besi kubwa ya kusimama, kisha sogeza mkono mzima unapohitaji freti ya nne. Halafu fupisha mkanda hadi gitaa likae mbele ya tumbo na si mapajani, ili kifundo cha mkono wa kushoto kisikunjike. Maumivu yakiendelea baada ya mwezi wa kupiga hivyo, muone daktari kabla ya muuza magitaa.