Fundi wa Bodi Anajibu: Kupiga mchanga bila kupinda bati

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 404 saluni ya 1967. Nimeshatoa injini, vioo, viti na nyaya, imebaki bodi tupu. Ina rangi juu ya rangi, puti nene kwenye madigadi ya nyuma, na kutu sakafuni na chini ya milango. Mwenye mashine ya kupiga mchanga, ile inayorusha punje kwa hewa ya kompresa ili kutoa rangi na kutu, anasema atapiga garneti (punje za jiwe gumu) gari zima amalize kwa siku moja. Rafiki yangu ananikataza, anasema joto litapinda paa, afadhali nitumie unga wa soda. Jirani naye anasema mchanga wa mtoni unatosha. Nimsikilize nani?
Mwenye 404

JIBU: Marahaba. Wote watatu wamekupa jibu moja la gari zima, na hapo ndipo magari mazuri yanapoharibiwa. Paa la 404 na fremu ya chini ya sakafu yake havistahili kupigwa kwa kitu kimoja.

Nianze na rafiki yako. Hofu yake ni ya kweli, ila chanzo amekikosea. Joto lina sehemu ndogo sana katika kupinda bati. Kinachopinda ni kipigo. Kila punje inayogonga inabonyeza uso wa bati na kuutanua kidogo, na punje ni mamilioni, zote upande mmoja. Uso wa nje unatanuka, wa ndani umebaki vilevile, basi bati linavimba kuelekea upande uliopigwa. Ukiona paa ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia na ukiachia linaruka nje kwa mlio, hilo limeshatanuka. Kulirudisha ni kazi ya kupasha moto, kugonga na kupoza nukta baada ya nukta, na si kila fundi anaiweza.

Usiamini maneno yangu matupu. Kata ukanda wa bati la unene uleule wa bodi yako, karibu milimita 0.9, upana wa vidole viwili. Ufunge kwa skrubu pembeni juu ya chuma kinene, kisha mwombe mwenye mashine aupige kwa garneti yake, nozo yake (mdomo wa mpira unaotoa punje) na presha yake ya kila siku. Fungua skrubu. Ukijikunja kama upinde, umeshaona paa lako litakavyokuwa. Viwandani kuna kipimo cha namna hii hasa, ukanda wa Almen, kwa jina la John Almen aliyekuwa General Motors. Mwenye mashine akikataa jaribio hili, tafuta mwingine.

Sasa gari lako. Paa, boneti, mfuniko wa buti na ngozi za milango ni bati pana lenye mkunjo mdogo, na ndilo linalopinda upesi. Hapo mimi napendelea dawa ya kutolea rangi na kikwaruzio, taratibu, nikimalizia kwa msasa. Ni kazi ya kuchosha mikono lakini bati linabaki na umbo lake la kiwandani. Kama lazima ipigwe kwa mashine, iwe punje za plastiki, kwa presha ya 30 hadi 40 psi (pauni kwa inchi mraba). Plastiki ya aina hii ina ugumu wa kama 3.5 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Rangi inatoka, bati haliumii. Haitoi kutu, na inaacha bati likiwa laini mno, kwa hiyo kwaruza kwa msasa namba 80 kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ili ipate pa kushika.

Garneti ina ugumu wa 7 na kitu. Iweke pale inapostahili: sakafu upande wa chini, fremu, matao ya magurudumu kwa ndani, bawaba, kingo za milango na kila kona ambayo kutu imechimba vishimo. Kutu ya vishimoni haitolewi na msasa wala plastiki. Chagua punje laini, nozo iwe umbali wa sentimita 30 hadi 45, ielekezwe kwa mshazari, na mkono usisimame. Anayepiga wima na kukaa mahali pamoja ataharibu bati hata kwa punje nzuri.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: toa puti na lami ya chini ya gari kwa mkono kabla hujapeleka bodi. Vitu vinene na laini vinameza kipigo, punje zinadunda tu. Mpigaji anakasirika, anaongeza presha, anang'ang'ania palepale, na bati tupu lililo pembeni ndilo linalolipia. Madigadi mengi ya nyuma yamepindwa hivyo. Lami inatoka kwa kuipasha kidogo na kuikwaruza. Kupiga kwa barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, nako kunaitoa vizuri, ila kwa kutu na rangi iliyoshika sana usikutegemee. Ukikuta chini ya rangi kuna kiraka cha madini ya kijivu laini, hiyo huenda ni risasi ya kujazia bodi. Usiisage kwa grinda kavu, vumbi lake ni sumu.

Soda, yaani sodiamu baikaboneti, si njia mbaya. Miaka ya 1980 Sanamu ya Uhuru ya New York ilipokarabatiwa, lami ya ndani iliondolewa kwa unga huo ili shaba isiumie. Kwenye gari inatoa rangi kwa upole. Lakini haigusi kutu, na masalia yake ni alikali: yakibaki kwenye mishono, praima haitashika, na miezi baadaye rangi inafura malengelenge. Bodi lazima ioshwe kwa maji mengi, na 404 ina mishono na maboksi mengi (sehemu za bati zenye uwazi ndani) ambamo maji hayo yatakaa. Kwako mimi nisingeichagua. Kupiga kwa maji na punje pamoja kunapunguza vumbi, lakini kutu nyepesi inarudi wakati bado unakunja mpira.

Na mchanga wa mtoni, hapana kabisa. Una silika, madini ambayo vumbi lake ni hatari. Likiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Uingereza iliupiga marufuku kwa kazi hii kwa kanuni za 1949. Barakoa ya kitambaa haikusaidii kitu. Hata kwa garneti, mpigaji avae kofia inayopelekewa hewa safi, maana rangi ya mwaka 1967 yenyewe inaweza kuwa na risasi.

Kabla hawajaanza, ziba kwa utepe kila tundu linaloingia kwenye maboksi ya chini ya milango. Punje zikiingia humo zinashika unyevu, na siku ya kupiga rangi hewa ya bunduki inazipuliza moja kwa moja juu ya kazi yako. Bodi ikirudi, igonge kwa nyundo ya mpira, puliza hewa, inamisha mbele na nyuma, puliza tena.

SWALI: Fundi, bodi ya Land Rover Series III yangu ni aluminiamu. Ushauri wako ni huohuo?

JIBU: Kwa mabati ya nje, tumia dawa ya rangi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa aluminiamu, au plastiki kwa presha ndogo. Dawa zenye magadi makali zinakula aluminiamu yenyewe, usiziguse. Wala usikubali punje za chuma, au punje zozote zilizokwishatumika kupigia chuma, kwa sababu vipande vidogo vya chuma vinanasa kwenye aluminiamu na kuanzisha kutu ya vishimo. Chasi na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni chuma, hivyo garneti ni sawa. Chunguza pale aluminiamu inapogusana na chuma. Unga mweupe ukionekana, bati limeshaanza kuliwa.

SWALI: Bodi ikishapigwa naweza kuiacha wiki mbili nikitafuta pesa za rangi?

JIBU: Hapana. Tafuta kwanza pesa za praima, ndipo uipeleke. Chuma kilichopigwa kiko wazi kabisa, kinaweza kuanza kutu usiku uleule hewa ikiwa na unyevu. Usikishike kwa mkono mtupu, alama za vidole zitatokea kama kutu. Puliza vumbi, kisha siku ileile paka praima ya epoksi (ya kuchanganya na kigumishi) mara mbili, ikizingatiwa kuwa chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande hutunga. Asidi ya fosforiki, ile ya kutibu kutu, usiipake chini ya epoksi kama maelezo ya kopo hayajaruhusu. Epoksi ikishakauka, bodi inaweza kukusubiri ndani, pakavu. Puti ije juu ya epoksi, na kama muda wa kupaka tena ulioandikwa kwenye kopo umeshapita, kwaruza kwa msasa kwanza.