Miezi kumi na minane nyuma ya karai la chipsi

Jumatatu iliyopita nimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa harusi. Bwana harusi nilimtambua kwa picha kabla sijasoma jina. Huyu tulisoma naye chuo miaka miwili, tukigawana vitini vya uhasibu na wakati mwingine nauli. Mwaka 2015 alikuja na wenzake watatu kwenye kibanda nilichokuwa nakaangia chipsi, Sinza, akanitazama usoni, akasema: "We chipsi, tufungie zege nne, fasta."

We chipsi. Na jina langu alikuwa analijua vizuri tu.

Nikamfungia chipsi mayai zake nne, kachumbari nikaongeza, hadi leo sijui kwa nini. Akasema hela atanitumia kwa simu akifika nyumbani. Buku mbili mara nne, elfu nane. Haikuja. Bosi akanikata, na posho yangu ilikuwa elfu tano kwa siku, kwa hiyo nilikaanga siku nzima na zaidi ya nusu ya pili kwa ajili ya tumbo lake.

Nawaandikia haya kwa sababu wengi mnaonisoma mnataka kufungua sehemu yenu ya chakula, na kila siku mnaniuliza mtaji, mtaji. Mtaji utapatikana. Watu je?

Kumenya viazi, kupuliza mkaa, kunuka mafuta mpaka kwenye mto wa kulalia, hayo nayaruka, yanajulikana. Nianze na mkopo. Bosi alibandika karatasi ukutani: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Wateja waliisoma, wakacheka, wakakopa. Nilichojifunza ni kwamba deni dogo linafukuza mteja kuliko chakula kibovu. Kuna kijana alikula kwangu kila jioni, siku moja akakopa buku mbili, basi. Akawa anazungukia barabara ya nyuma asinione. Nilipoteza buku mbili pamoja na jioni zake zote zilizobaki. Mtu akikosa hela, mpe bure au mnyime. Usimkopeshe. Narudia, usimkopeshe, hata akikuita ndugu yangu. Hasa akikuita ndugu yangu.

Halafu kuna wale wanaosimama juu ya kikaango kuhakikisha unavunja mayai mawili na si moja. Mmoja alinihesabia mayai kwa kidole, akaondoka, usiku wakati wa kufunga hesabu ndipo nikagundua noti yake ya elfu kumi ilikuwa bandia. Tangu hapo, anayenichunga sana nami namchunga. Na anayelipa kwa simu, mpe mfuko ukishaona ujumbe kwenye simu yako wewe, siyo ile anayokuonyesha ya kwake.

Mwanaume akija na mchumba hadai chenji. Kesho yake akija peke yake anauliza mbona vipande vya viazi vimepungua. Nilikuwa nacheka peke yangu kule nyuma ya jiko.

Lakini nisijifanye malaika. Kulikuwa na mzee, mlinzi wa jengo la jirani, aliyenunua chipsi kavu za jero, yaani mia tano, kila usiku, na hakuna siku alipita bila kuniambia "pole na kazi, mwanangu". Ijumaa moja magari yalikuwa yamejipanga, wenye magari wanaagiza kuku na mishikaki, na mimi nikawahudumia wao kwanza. Aliyefika, naye nikampa. Aliyefuata, naye. Mzee amesimama pembeni na jero lake mkononi karibu saa nzima. Mwishowe akasema taratibu, "Mwanangu, na hii ni hela."

Nilimpa sahani iliyojaa, nikakataa hela yake. Akaiweka juu ya meza, akaenda kulinda. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Nikawa naona taa ya tochi yake kule getini, nami nikaona aibu kwenda kumwomba radhi, mpaka nikahama pale. Yule wa "we chipsi" alinidharau kwa neno moja. Mimi nilimdharau mzee kwa saa nzima, huku nikimwita baba.

Vijana, mnaoona aibu kushika mwiko kwa kuwa mna cheti, sikilizeni. Simama nyuma ya karai hata miezi mitatu. Foleni ikiwa ndefu na njaa ikiwa kali, utawaona watu walivyo, na utajiona. Leo nina vibanda viwili, na sheria ya kwangu ni moja: aliyefika kwanza ahudumiwe kwanza, awe na jero au aje na gari. Kijana wangu mmoja aliivunja mara mbili, nikamwachisha. Waliniona mkali. Sawa.

Turudi kwenye kundi. Bwana harusi amenitambulisha kwa wanakamati: "Huyu ni ndugu yangu kabisa, mjasiriamali, tumetoka mbali." Kadi ya mtu mmoja ni 50,000. Nimetuma 42,000. Mweka hazina akanipigia kwa adabu, akidhani nimekosea kubonyeza.

Nimemwambia amuulize bwana harusi.