Fungu la Dagaa ni Gramu Ngapi? Maswali yenu kuhusu kuandika na kuchapa kitabu cha mapishi

Tangu niseme hapa kwamba nimechapa kijitabu changu cha dagaa, migebuka na mawese kwa fedha ya kiinua mgongo, simu haijapumzika. Wengine wanataka kitabu, lakini wengi zaidi wana daftari lao chini ya godoro na wanataka kujua pa kuanzia. Nilifundisha sayansi kimu miaka mingi, sasa nimestaafu, nipo Mwanga hapa hapa Kigoma. Nimechukua maswali saba.

Shikamoo Mwalimu. Mama yangu mkubwa wa Ujiji anapika dagaa wa mawese hakuna mfano. Nikimwuliza vipimo ananiambia, "Weka mpaka uone imetosha." Nitaandika nini? (Msomaji, Ujiji)

Marahaba mwanangu. Kosa lako ni kumwuliza. Mama huyo hana jibu mdomoni, jibu liko mkononi mwake, na mkono hauhojiwi, unapimwa.

Mimi nilifanya hivi kwa bibi mmoja jirani yangu. Nilinunua mzani mdogo wa jikoni. Kabla hajawasha jiko nikapima kila kitu: chupa ya mawese pamoja na mawese yake, kopo la chumvi, beseni la dagaa waliokwisha kuchambuliwa, vitunguu. Nikamwacha apike anavyopika, sikumsemesha. Alipoipua nikapima tena chupa, nikapima tena kopo. Kilichopungua ndicho alichotia. Alicheka sana, akasema nimekuwa kama muuza dhahabu.

Siku ya kwanza: dagaa wakavu gramu 180, mawese gramu 62, chumvi gramu 4. Siku ya pili dagaa na mawese karibu vile vile, lakini chumvi gramu 7. Nikadhani amekosea. Kumbe dagaa wa siku ya kwanza walitiwa chumvi kabla ya kuanikwa, wale wa pili hawakutiwa, naye alijua kwa kumtafuna mmoja tu mkavu kabla hajawaosha. Hatua hiyo hakuwahi kunitajia hata siku moja, kwa sababu kwake si hatua. Sasa imo kitabuni, mstari wa kwanza: tafuna dagaa mmoja.

Kwa hiyo mpikie pamoja mara tatu, usiridhike na moja. Na maneno yake usiyatupe. Bibi yule husema tia vitunguu "mawese yakiacha kelele". Mawese ya kukamuliwa nyumbani huwa na maji kidogo, ndiyo yanayolia sufuriani; yakinyamaza, maji yameisha na mafuta yameiva. Ningeandika "baada ya dakika 3" ningemdanganya mwenye jiko la mkaa. Usimwache msomaji asubiri mpaka moshi mwingi na ile rangi nyekundu ipotee, maana ndipo unapochoma na karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A.

Vipimo vya sokoni navyo viogope. Asubuhi moja Kibirizi nilinunua mafungu matano ya dagaa wakavu kwa bei moja, nikapima nyumbani: dogo lilikuwa gramu 140, kubwa gramu 210. Na hapo si siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti samaki na fungu linakonda. Usiandike "fungu" pasipo gramu pembeni. Kwa asiye na mzani, mpe kikombe cha mililita 250 na umwambie akipateje: chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, igawe sawa sawa mara mbili. Vikombe vyetu vya chai vinatofautiana mno. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai 5, na kiwe cha kufuta, si cha mlima. Mawese ya asubuhi ya baridi yameganda, kijiko kinabeba mlima bila wewe kujua, basi yayeyushe kwanza ndipo upime.

Mume wangu anacheka, anasema nani atanunua kitabu cha dagaa watupu, niongeze pilau na keki. Nimsikilize? (Mama, Mwandiga)

Msikilize kwa heshima, halafu usiongeze. Pilau na keki zimeshaandikwa na kila mtu. Cha kwako ni kile ambacho mtu wa Dodoma akinunua kilo moja ya dagaa wa Kigoma, kwa bei anayoijua mwenyewe, anakosa wa kumwuliza.

Tena dagaa si mmoja. Dagaa wetu wa Tanganyika, yule ambaye wanasayansi humwita Stolothrissa tanganicae, ni wa ukoo wa samaki wa baharini wa aina ya sardini. Lumbu, Limnothrissa miodon, ni ndugu yake mnene kidogo. Huyo ndiye aliyepelekwa ziwa Kariba, na Wazambia wanamwita kapenta. Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, hana undugu nao hata kidogo, yeye ni wa jamii ya samaki wa maji baridi wanaoitwa kapu (carp). Jina moja, samaki mbalimbali. Mtu aliyezoea wa Mwanza, ambao wengi wao huanikwa mchangani, ataosha wa Kigoma maji matano ya moto mpaka waishe utamu, halafu alaumu kitabu chako. Hapo tu una kurasa tatu ambazo mwenye keki hana.

Jambo moja la kuangalia: mapishi ya dagaa wabichi yawe na njia ya pili kwa wakavu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi 3, mtu na kitabu chako mkononi, na mbichi hakuna.

Naandika mapishi ya ugali wa muhogo na kisamvu. Kuna haja ya kuweka tahadhari za sumu, au nitawatisha wateja? (Kijana, Kasulu)

Weka. Waha wanajua, ila kitabu kinasafiri kufika kwa asiyejua. Muhogo mchungu haupikwi ukiwa umetoka shambani hivi hivi: unamenywa, unalowekwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike, unaanikwa ukauke kabisa, ndipo unakuwa unga. Anayeruka hatua hizo kwa haraka ya njaa, siku baada ya siku, anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, na haurudi nyuma. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe bila mfuniko, hewa ya sumu itoke. Mistari minne juu ya ukurasa inatosha, usiifiche mwisho kwa herufi za sisimizi.

Jirani yangu anadai nimemwibia pishi lake la sangala wa nazi, nami nimelibadilisha kidogo tu. Anaweza kunishitaki?

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda namna ulivyoandika, si wazo wala njia ya kufanya kitu. Orodha ya sangala, nazi, ndimu na tangawizi haina mwenyewe. Maelezo aliyoyaandika, picha alizopiga, hadithi ya bibi yake, hivyo ni vyake, usinakili hata sentensi. Pika mwenyewe, andika kwa maneno yako.

Hayo ni ya mahakamani. Ya kibarazani ni mengine: mtu akikufundisha pishi, mtaje kwa ruhusa yake na mpelekee nakala bure. Mimi nilimsahau mama mmoja aliyenionyesha kukausha migebuka kwa moshi, na mpaka leo tukikutana sokoni salamu ni fupi.

Haki yako nayo inaanza pale unapoandika, haingoji muhuri. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni kujiwekea ushahidi, na ni jambo zuri.

ISBN, ile namba ya kitabu, ni lazima? Inatolewa wapi?

Ukiuzia majirani, si lazima. Ukitaka maduka ya vitabu na maktaba wakupokee, utaihitaji. Hapa kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni tarakimu 13. Vitabu vingi vya Tanzania utaona 978 ikifuatwa na 9976 au 9987. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Na ISBN haikupi hakimiliki, ni namba ya kukitambulisha kitabu tu.

Picha zangu za chakula zinatoka kama tope. Ninatumia simu. Ninunue kamera? (Dada, Kigoma mjini)

Usinunue. Zima taa ya umeme, sogeza sahani dirishani saa tatu asubuhi, jua lisiipige moja kwa moja. Balbu ya njano juu ya mawese mekundu ndiyo inayoleta hilo tope. Piga mara tu unapopakua, maana mawese yakipoa yanaganda pembeni mwa sahani na chakula kinaonekana cha jana.

Kisha tatizo la pili, ambalo wengi hawalijui: ukimtumia mchapaji picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na inapungua ubora. Itume kama dokumenti, au peleka kwenye fleshi. Picha ya kujaza ukurasa wa A5 inataka upana wa pikseli 1,750 hivi na urefu wa 2,480, la sivyo kwenye karatasi itakuwa na ukungu hata kama kwenye simu inang'aa. Na picha nane nzuri zinatosha, si lazima kila pishi.

Mchapaji ameniambia nikichapa nakala 1,000 bei ya moja inashuka sana kuliko nakala 100. Nichukue mkopo wa kikundi? (Mama, Ujiji)

Hapana mama, nakuomba.

Bei inashuka kweli. Kwenye mashine ya ofseti gharama kubwa ni kutengeneza sahani za kuchapia, na sahani ni zile zile ukichapa 100 au 1,000. Lakini nakala 900 ambazo hazijauzwa zinalala chumbani kwako, na mkopo haulali. Kwa idadi ndogo omba mashine ya dijitali, haina sahani.

Mimi sikuchapa 1,000, nilichapa 300, na bado nilijuta. Nilitaka kitabu chenye mgongo, jina lisomeke kikiwa kabatini, kama vya wakubwa. Nikachagua gundi. Vilipofika nikaweka kimoja mezani nikapika nacho. Hakilali wazi! Nakibana kwa mwiko, kinajifunga. Nakibana kwa kinu, naona nusu ya ukurasa. Mwezi wa pili, kwa mvuke wa jikoni, kurasa zikaanza kuachia. Na namba za kurasa zilikatwa nusu kote, kwa kuwa niliziweka ukingoni kabisa na hakuna aliyeniambia kwamba kisu cha mashine hakina macho. Acha angalau sentimita moja na nusu pande zote, na picha inayofika ukingoni ipitilize milimita 3.

Sikulaumu sana walionichapia. Waliniuliza gundi au spairo, ule waya unaojiviringisha mgongoni mwa kitabu, nikajibu kwa kiburi.

Mara ya pili nilichapa 100 za spairo. Kama kijitabu chako ni kidogo, pini mbili katikati nazo zinafaa, ila idadi ya kurasa igawanyike kwa 4: changu ni kurasa 64, yaani karatasi 16 za A4 zilizokunjwa. Karatasi ya gramu 80 inaonyesha maandishi ya upande wa pili, omba 100. Jalada gumu lenye leminesheni, lifutike mawese kwa kitambaa. Na kabla ya yote lipia nakala moja ya majaribio, mpe mtu ambaye hajawahi kupika pishi hilo, ukae kwenye kiti usiseme neno. Kila atakapokugeukia kuuliza, weka alama, hapo pameandikwa vibaya. Mpwa wangu alinigeukia mara kumi na moja kwenye pishi moja la migebuka.

Hesabu za bei fanya na kalamu. Tuseme nakala 100 zimekula 600,000, kila moja ni 6,000. Ukiuza 10,000 na mwenye duka achukue asilimia 30, unabaki na 7,000. Hiyo 1,000 ya faida haijalipa nauli ya kifurushi kwenye basi, wala kilo za dagaa ulizounguza ukijaribu. Kwa hiyo ama upandishe bei, ama uuze mwenyewe.

Mimi nauza mwenyewe na kupitia kwa mama anayeuza mawese. Spairo ile inaning'inia kwenye msumari juu ya madumu yake, mteja akinunua lita anafunua, anasoma, wengine wananunua na wengine wanapiga picha ukurasa kwa simu wanaondoka. Nakala yake ya kuonyesha imelowa mafuta mpaka ukurasa wa 20. Juzi abiria mmoja wa treni aliitaka hiyo hiyo, mpya akaikataa. Alipunguziwa 2,000.