Wasomaji Wanauliza: Wakala wa Zabbix Anapatikana Wapi, na Anasakinishwaje?

Barua nne zilizochaguliwa kwa toleo hili zimetoka kwa watu wanaotunza seva, na zote zinahusu ile programu ndogo, iitwayo wakala au mteja, inayowekwa ndani ya kila mashine ili itoe taarifa kwa mfumo mkuu wa ufuatiliaji, kama vile Zabbix au Xymon. Tumezifupisha bila kubadili maana yake.

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msimamizi wa mifumo hapa Dodoma. Aliyenitangulia aliacha seva ya Zabbix toleo la 7.0, lakini mashine nyingi za Ubuntu 22.04 hazijaingizwa katika ufuatiliaji. Nilipoandika amri ya kawaida ya kusakinisha wakala, nilipata toleo la 5.0. Mtandaoni nimekuta tovuti kadhaa zinazotoa programu hiyohiyo, nyingine zikidai malipo. Ni ipi ya kuamini? Tena, mashine moja nimekwisha kuisakinishia, huduma inaonyesha kuwa iko hai, lakini seva haipokei chochote.

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na mahali pa kuipata. Zabbix hutengenezwa na kampuni yenye jina hilohilo, iliyoko Riga nchini Latvia, ambayo mwanzilishi wake, Alexei Vladishev, aliitoa programu hii kwa umma mara ya kwanza mwaka 2001. Matoleo ya hadi 6.4 yalitolewa chini ya leseni huria ya GPL, na kuanzia 7.0, lililotoka Juni 2024, leseni ni AGPL. Kwa vyovyote vile, kupakua na kutumia ni bure. Kampuni hutoza fedha kwa mafunzo na kwa huduma ya msaada, si kwa kupakua programu. Kwa hiyo anayekudai malipo ili akupe faili la wakala anakuuzia kitu kinachogawiwa bure, na kibaya zaidi, hujui amekichanganya na nini. Wakala hukaa ndani ya kila seva uliyo nayo, na sioni sababu yoyote ya kumchukua kwingine zaidi ya kwa waliomtengeneza au katika hazina rasmi, yaani ghala la programu, la mfumo wako wa uendeshaji.

Ukifungua ukurasa wa kupakua katika zabbix.com, utaulizwa toleo la Zabbix, aina ya mfumo wa uendeshaji na toleo lake, kisha sehemu unayoihitaji. Chagua wakala wa pili, yaani Agent 2, nawe utaandikiwa amri za kunakili. Amri ya kwanza huleta kifurushi kidogo kiitwacho zabbix-release, ambacho kazi yake ni kuongeza anwani ya hazina ya Zabbix pamoja na ufunguo wa kuhakiki sahihi za vifurushi. Baada ya hapo utaendesha `apt update`, halafu `apt install zabbix-agent2`.

Lile toleo la 5.0 ulilolipata si bandia. Ubuntu hugandisha matoleo ya programu zake wakati mfumo unapotolewa, ndiyo maana 22.04 imebaki na 5.0 katika hazina yake. Wakala huyo angeweza hata kuzungumza na seva yako, kwa kuwa kanuni ni kwamba wakala anaweza kuwa mkongwe kuliko seva, ila asiwe mpya kuliko seva. Hata hivyo ningekushauri uchukue wa 7.0 kutoka hazina ya Zabbix, ili marekebisho ya mfululizo huo yakufikie kila unaposasisha mashine. Wanaotumia Rocky, AlmaLinux au Red Hat wana mtego wao: EPEL, hazina ya nyongeza ya mifumo hiyo, nayo ina vifurushi vya Zabbix, na visipozuiwa kwa kuongeza mstari `excludepkgs=zabbix*` katika faili la epel.repo, mashine inaweza kuchukua kifurushi kisichokusudiwa.

Sasa tuje kwenye mashine iliyo hai lakini kimya, maana hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Huduma kuwa hai ni dalili kwamba programu imewaka, basi. Fungua faili /etc/zabbix/zabbix_agent2.conf utafute mistari mitatu: Server, ServerActive na Hostname. Faili hilo likiwa jipya, miwili ya kwanza ina anwani 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, na wa tatu umeandikwa Zabbix server. Wakala aliyeachwa hivyo atamkatalia yeyote anayemuuliza kutoka nje, na taarifa zake atajaribu kuzipeleka kwa mashine yake mwenyewe, ambako hakuna wa kuzipokea.

Ili mistari hiyo ieleweke, ni lazima kujua nani anampigia mwenzake simu. Katika njia ya kwanza, seva ndiyo humpigia wakala kupitia poti (mlango wa mtandao) 10050 na kumuuliza jambo mojamoja: kumbukumbu iliyobaki ni kiasi gani, diski imejaa kiasi gani. Mstari wa Server ni orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuuliza hivyo. Katika njia ya pili, wakala ndiye humpigia seva kupitia poti 10051, akaomba orodha ya mambo ya kupima, kisha akawa anapeleka majibu mwenyewe. Mstari wa ServerActive unamwambia apige wapi. Njia hii ya pili hutegemea jina, kwa sababu seva humtambua wakala kwa kile kilichoandikwa katika Hostname, ambacho ni lazima kilingane na jina la mashine ndani ya Zabbix herufi kwa herufi, kubwa kwa ndogo. Zabbix huruhusu mashine kuwa na jina lingine la kuonyeshwa kwenye skrini. Hilo halihesabiki, na wengi hunakili hilo.

Ukishasahihisha, washa huduma upya kwa `systemctl restart zabbix-agent2`, uiweke pia iwake yenyewe mashine inapoanza kwa `systemctl enable zabbix-agent2`. Kisha nenda kwenye seva ya Zabbix, sakinisha kifurushi cha zabbix-get, uandike `zabbix_get -s 10.0.0.25 -k agent.ping`, ukiweka anwani ya mashine yako mahali pa hiyo. Jaribio hili lifanyike kutoka kwenye seva yenyewe, si kutoka kompyuta yako ya mezani, kwa kuwa wakala hujibu anwani zilizoorodheshwa tu. Jibu likiwa 1, njia iko wazi. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida hakuna anayesikiliza katika poti hiyo. Ukingoja hadi muda ukaisha bila jibu, shuku faiawoli, yaani kizuizi cha mtandao. Na muunganisho ukipokelewa kisha ukakatwa bila neno, anwani ya seva haimo katika mstari wa Server.

Jambo la mwisho kwako: mashine iliyosajiliwa katika Zabbix bila kuunganishwa na kiolezo, yaani orodha ya mambo ya kupima iliyotayarishwa, haitapimwa chochote. Kiolezo cha Linux by Zabbix agent ni cha njia ya kwanza, na kile kinachomalizikia na neno active ni cha njia ya pili. Ukichagua kisichoendana na njia uliyoifungua, utarudi kwenye ukimya uleule.

Swali: Mhariri, shikamoo. Niko Mwanza, nasimamia ofisi za matawi zinazotumia modemu za mtandao wa simu. Hazina anwani ya IP ya umma, na mawasiliano hukatika mara kwa mara. Mtu amenishauri nifungue poti 10050 kwenye kila modemu. Je, ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Ushauri huo hautakusaidia. Kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo hata ukifungua poti kwenye modemu, ombi la seva haliwezi kufika kwako. Tumia njia ya pili niliyoieleza hapo juu, ambamo wakala ndiye anayeanza mawasiliano: kinachotakiwa ni poti 10051 iwe wazi upande wa makao makuu tu. Tawi likiwa na mashine nyingi, weka hapo proksi ya Zabbix, mashine moja inayokusanya taarifa za wenzake na kuzipeleka kwa pamoja. Kifurushi cha zabbix-proxy-sqlite3 kinatosha kwa tawi dogo, mradi toleo lake kuu lilingane na la seva.

Kuhusu kukatika kwa mawasiliano, proksi huhifadhi taarifa ambazo hazijapelekwa kwa muda wa saa 1 tu usipoiambia vinginevyo. Kwa tawi ambalo mtandao unaweza kupotea tangu asubuhi hadi jioni, ongeza thamani ya ProxyOfflineBuffer iwe 24 au zaidi. Pasipo na proksi, wakala wa pili anao uwezo kama huo: weka EnablePersistentBuffer kuwa 1, taja faili la kuhifadhia katika PersistentBufferFile, na urefushe PersistentBufferPeriod, ambayo nayo huanza na saa 1. Hakikisha pia kwamba saa za mashine zote zinalinganishwa kwa chrony au programu inayofanana nayo, kwa sababu taarifa zinazochelewa hufika na muda uliowekwa na wakala, na saa iliyopotoka itakuchorea grafu zisizoaminika.

Hukuuliza kuhusu usalama, lakini kwa kuwa taarifa zako zinapita katika intaneti ya wazi, usimbaji fiche si jambo la hiari. Tengeneza ufunguo wa pamoja (psk) kwa `openssl rand -hex 32`, uuweke katika faili linalosomwa na mtumiaji zabbix peke yake, kisha katika mipangilio ya wakala andika psk katika TLSConnect na TLSAccept, utaje njia ya faili hilo katika TLSPSKFile na kitambulisho chake katika TLSPSKIdentity. Ufunguo huohuo na kitambulisho hichohicho viandikwe katika ukurasa wa mashine hiyo ndani ya Zabbix. Kitambulisho hupita bila kusimbwa, kwa hiyo kisiwe na siri ndani yake. Na kila kitambulisho kiwe na ufunguo mmoja tu, la sivyo mawasiliano yatakataliwa kwa namna inayochosha kuichunguza.

Swali: Niko Mombasa. Tuna Windows Server 2019 kadhaa na moja ya 2008 R2 ambayo programu ya uhasibu haituruhusu kuiacha. Wakala wa pili amekubali kwenye zile mpya, kwenye hii ya zamani amegoma. Nifanyeje?

Jibu: Wakala wa pili ameandikwa kwa lugha ya Go, na kwa upande wa Windows anahitaji Windows 10 au Server 2016 kwenda juu. Kwa mashine hiyo ya 2008 R2, rudi kwa wakala wa kwanza, ulioandikwa kwa C, ambao bado unatolewa na unakubali mifumo ya Windows ya zamani sana. Seva haitajali kwamba mashine moja ina wa kwanza na nyingine zina wa pili. Pakua faili la kusakinishia (MSI) kutoka ukurasa wa mawakala katika zabbix.com, ukilinganisha alama ya SHA256 iliyochapishwa hapo na ile utakayoipata kwenye kompyuta yako kwa `certutil -hashfile` ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256.

Kwa zile mpya, huna haja ya kubofya dirisha baada ya dirisha kwenye kila moja. Amri ya `msiexec /i` ikifuatwa na jina la faili, alama ya `/qn`, kisha SERVER, SERVERACTIVE na HOSTNAME pamoja na thamani zake, husakinisha kimyakimya na kujaza mipangilio yote mitatu kwa mara moja. Kisakinishi hicho pia huongeza ruhusa katika faiawoli ya Windows, hivyo usishangae ukiikuta.

Swali: Taasisi yetu hapa Zanzibar bado inatumia Xymon. Mashine mpya niliyoiongeza haionekani kabisa, na nyingine imegeuka rangi ya zambarau kwenye ukurasa wa Xymon. Programu ya mteja ya Xymon bado inapatikana?

Jibu: Inapatikana. Kwa Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa xymon-client, nacho wakati wa kusakinishwa hukuuliza anwani ya seva na kuihifadhi katika /etc/default/xymon-client. Kwa Windows kuna BBWin, ambayo ni ya siku nyingi, na kuna mteja mwingine ulioandikwa kwa PowerShell, unaopatikana katika ukurasa wa mradi wa Xymon kwenye SourceForge. Ningechagua huo wa pili.

Mteja wa Xymon hupeleka ripoti mwenyewe kila baada ya dakika 5 kupitia poti 1984. Mashine yako mpya huenda inapeleka vizuri, ila jina inalojitaja halimo katika hosts.cfg, faili la orodha ya mashine, upande wa seva, na Xymon huziweka mashine za namna hiyo katika orodha ya mizimu; angalia orodha hiyo, kisha ulinganishe jina na CLIENTHOSTNAME katika mipangilio ya mteja. Zambarau humaanisha kwamba ripoti zilikuwa zikija, zikakoma kwa muda wa kama nusu saa: aidha mteja amezimika, au kuna kitu kimefunga poti 1984 katikati ya njia. Mfululizo wa 4.3 haulisimbi kwa siri lolote linalopita katika poti hiyo, kwa hiyo mashine zilizo nje ya jengo lenu zipitishwe katika VPN, yaani njia ya mtandao iliyosimbwa.